Kinanda Chini ya Maombi

Waliokuwa nami wiki jana waliniacha nimekaa kwenye kinanda, vidole vimeganda, nikimtazama dada yangu akipanga vichupa vyake vya insulini juu ya meza ya madhabahu kama mtu anayerudisha vyombo vya kuazima.

Kwa aliyechelewa: mimi ni mpiga kinanda. Hoteli niliyokuwa nikiwapigia watu wakila ilifungwa. Mke wangu akarudi kwao na kinanda kizuri, akaniachia stendi. Dada yangu, ndugu pekee niliyebaki naye, akaniombea kazi kanisani kwao. Nikaipokea, ingawa si mtu wa kuamini nisichoweza kukipima.

Kazi yenyewe ni kupiga chini ya maombi. Mchungaji anaomba, mimi napiga kwa sauti ndogo. Mkono wa kushoto unakaa kwenye noti moja nene, wa kulia unatembea juu yake taratibu. Watu hawasikii kinanda; wanamsikia mchungaji. Akigusa tai yake, napanda nusu sauti. Ni ngazi moja tu, ndogo kuliko zote, lakini ukumbi mzima hupanda nayo. Nywele husimama, machozi hushuka, miguu hutembea yenyewe kwenda mbele.

Jumapili ile mchungaji aligusa tai. Nikapanda. Dada akaenda mbele, akatangaza kwamba amepona, na sindano basi.

Sukari ya dada si ile ya kupunguza wali. Anayo tangu usichana. Mwili wake hautengenezi insulini hata tone. Bila sindano hafiki mbali. Hilo halihusiani na imani wala ukosefu wa imani, ni jinsi mwili ulivyo.

Jumatatu nikaenda kwake.

Shemeji, ambaye ni fundi wa majokofu, alikuwa mlangoni na mota ya friji katikati ya miguu yake.

"Karibu, shemeji. Ingia ujaribu na wewe. Mimi nimeshaambiwa nina roho ya Tomaso."

"Anakunywa maji?"

"Mtungi wa pili huo, na mchana bado. Friji lile nililifufua kwa ajili ya dawa zake. Sasa linalinda nyanya." Akashusha sauti. "Sikio la kufa halisikii dawa, wewe. Nimeomba, nimegomba, nimelia. Nimebakiza kucheza."

Ndani, dada alikuwa kwenye cherehani. Hakusimamisha mguu aliponiona.

"Kama umekuja kuniombea, piga magoti. Kama umekuja kunihubiria hospitali, yupo mhubiri mwingine hapo nje, na yeye angalau anajua kutengeneza friji."

"Dada, nataka kuuliza tu. Jumapili ulisikia nini?"

"Moto." Akagusa utosi. "Kuanzia hapa mpaka kwenye nyayo."

"Ulianza mchungaji aliposema nini?"

"Aliposema 'pokea'."

"Aliposema 'pokea' mimi nilikuwa nimepanda nusu sauti."

Cherehani ikasimama. "Kwani ulikuwa unapiga? Mbona sikukusikia?"

"Ndiyo kazi yangu. Usinisikie."

Nilikuwa nimekuja na kinanda kidogo cha mazoezi ya kwaya. Nikakiweka juu ya meza ya kukatia, kati ya chaki na vitambaa, nikakaa. Hakukuwa na mchungaji, wala neno, wala ombi. Nikapiga kama ninavyopiga siku zote: kushoto kumetulia, kulia kunatembea. Nikangoja mpaka pumzi yake ilipofuatana na mkono wangu. Kisha nikapanda.

Vinyweleo vya mikono yake vilisimama. Machozi yakamshuka, hata hakuyafuta. Mlangoni shemeji alikuwa amesimama na spana, anajipangusa uso kwa mkono wa ovaroli.

"Grisi hiyo," alisema. "Imeniingia machoni."

Nikaondoa mikono. "Umeona, dada? Hapa hakuna muujiza. Nipo mimi na noti chache. Ule moto ni ufundi. Naweza kuuwasha na kuuzima, hata kwenye harusi, hata kwenye mkutano wa chama cha mabondia."

Dada akainuka. Akanishika kichwa kwa mikono miwili, kama alivyokuwa akinishika nikiwa mdogo na nina homa.

"Nimeomba maisha yangu yote Mungu akutumie," alisema. "Leo amekutumia nyumbani kwangu, mchana kweupe, juu ya meza ya kukatia nguo. Na wewe ndiye wa mwisho kujua."

Nilikwenda kubomoa ukuta, nikaupiga lipu.

Najua mnachouliza: kwa nini hamkumbeba kwa nguvu? Nilimwuliza hivyo hivyo muuguzi mmoja, mwanakwaya wa sauti ya pili, ambaye kwaya nzima humwita Sista Sindano. Nilimkuta akifua sare yake.

"Mtu mzima, ana akili zake, akisema hataki, simchomi," alisema. "Hata akiwa ndugu yako."

"Kwa hiyo tumwangalie tu?"

"Akizimia, hataulizwa. Hapo tunaweka dripu, tunaweka insulini, radhi tunaomba baadaye."

"Na akizimia, tuna muda gani?"

Alikamua sketi mpaka ikatoa tone la mwisho. "Mdogo. Mkichelewa, mtaniita nije kuimba sauti ya pili kwenye mazishi."

Hakuwa anatania.

Nakiri mbele yenu: kuanzia hapo nilimwombea dada yangu azimie. Lilikuwa ombi la kwanza nililoomba kwa moyo wote tangu niajiriwe kanisani.

Jumanne nikamfuata mchungaji ofisini, kile chumba cha nyuma ya jukwaa chenye nyaya na viti vibovu. Msije mkamdhania shetani. Ni mtu wa heshima, huzika maskini, na hajawahi kumkaripia mtu mbele za watu. Alikuwa anabadilisha betri za kipaza sauti.

"Mchungaji, mwambie dada arudie sindano."

"Kwani mimi nilimwambia aache?"

"Hukumwambia."

"Umeona."

"Lakini alipoacha ulipiga makofi."

Akafungua droo, akatoa kidonge, akakimeza kwa maji. Aliponiona namtazama, akatabasamu kidogo. "Cha presha. Daktari wangu ni mkali kuliko mama mkwe."

"Basi mwambie na yeye kwamba una daktari."

"Bwana mdogo, kesho dada yako anashuhudia. Watu wanatoka mbali kuja kumsikia. Nikisimama niseme 'rudi kwenye sindano', yule aliyeacha pombe nitamwambia nini? Na yule aliyemsamehe mumewe? Ukichomoa tofali moja—"

"Dada yangu si tofali."

Akaigeuza betri mkononi. Alipoongea tena, alikuwa amepunguza sauti. "Alhamisi nitamwita faragha. Nitamwambia Mungu anatumia na madaktari. Nakuahidi."

"Alhamisi ni mbali, mchungaji. Ameanza kutapika."

Aliachia betri. Nikadhani nimempata. Lakini akatikisa kichwa kama mtu anayefukuza nzi.

"Unajua kwa nini nilikuajiri wewe usiyeamini? Kwa sababu unajua kazi. Hata nabii Elisha, kabla hajatabiri, aliagiza mpiga kinanda. Daudi alipiga kinubi, Sauli akatulia. Muziki si pambo la ibada, ni mlango. Wewe fungua mlango. Anayeingia na anayetoka si juu yako."

"Sauli alitulia kwa muda gani? Siku nyingine Daudi alikuwa anapiga vilevile, kinubi kilekile, na Sauli akamrushia mkuki."

Mchungaji akacheka, akacheka kwa kweli. "Ndiyo maana nakupenda. Kesho uwahi, tupime spika."

Nilitoka pale maji yamenifika shingoni, lakini nikiwa na mpango. Ukitaka kujua kitu kinashikiliwa na nini, ondoa kimoja, uone kinachobaki. Kama kinanda kilimpeleka dada mbele, basi kinanda kikinyamaza katikati, wakati wenyewe, mbele ya wote, atabaki na mchungaji mtupu. Atausikia ukumbi ulivyo. Atasikia na kiu yake. Shemeji angeleta gari la karakana mpaka mlangoni. Sista Sindano angekaa kiti cha pembeni.

Jumatano jioni dada aliingia ameegemea mkono wa mumewe. Gauni alilolishona mwenyewe lilikuwa linamtoka mabegani. Alikuwa anahema kwa kina, kwa nguvu, kama mtu aliyepanda ngazi nyingi, hali amesimama tu. Aliponikumbatia, pumzi yake ilinuka matunda yaliyoiva mno ndani ya mfuko uliofungwa.

Nyuma ya bega lake, Sista Sindano aliivuta harufu ile, akanitazama, akaniitikia kwa kichwa: ndiyo yenyewe, harufu ya mwili uliokosa insulini.

"Dada, twende sasa. Gari liko mlangoni."

"Nikishashuhudia."

"Dada, nakusihi!"

"Usinipandishie sauti mimi. Kapandishe kinanda chako."

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mchungaji akamwita. Nikaanza kupiga chini yake, kama ilivyo kazi. Dada alishika kipaza sauti kwa mikono miwili, ulimi mkavu, akasema maneno machache: alikuwa mgonjwa, akaguswa, sasa ni huru. Watu wakapiga vigelegele.

Mchungaji akageukia viti. "Nani mwingine amechoka na mzigo wake? Nani ataushusha leo?"

Safu ya mbele, mama mmoja akafungua mkoba. Akatoa pakiti ya vidonge. Sikujua ni vya nini. Moyo, pengine. Akasimama.

Mchungaji akagusa tai.

Nikaondoa mikono yote miwili, nikaiweka magotini.

Sijawahi kusikia kimya kama kile. Pangaboi lilikuwa linakwaruza. Hakuna aliyewahi kulisikia. Benchi likalia. Mtu akakohoa. Na juu ya hayo ikabaki sauti ya mchungaji, peke yake, imevuliwa nguo: "Pokea... pokea sasa..." Ilikuwa kama ya muuzaji soko linapofungwa.

Watu wakafumbua macho. Wengine wakatazama taa, wakidhani umeme umekatika. Yule mama akaitazama pakiti mkononi mwake kana kwamba anajiuliza imefikaje hapo. Akairudisha mkobani, akakaa.

Mpango ulikuwa unafanya kazi.

Mchungaji akaniinamia. "Umeme?"

"Upo."

"Piga basi."

"Sipigi."

Dada akanigeukia. Alielewa, niliona usoni kwamba ameelewa kila kitu: meza ya kukatia, nusu sauti, mikono yangu magotini. Akaweka kiganja kifuani, pale pumzi ilipokuwa inamsumbua, akatafakari. Nikasema moyoni: sasa. Shuka, dada. Shuka twende.

Akafumba macho, akaanza kuimba.

Ulikuwa wimbo wa zamani ambao marehemu mama alikuwa akiuimba akiosha vyombo. Aliuanzia chini kuliko kawaida yake, kwa sauti iliyokauka. Mstari wa kwanza aliuimba peke yake. Wa pili, sauti ya pili wakaingia. Kisha besi kutoka nyuma, wazee wa viti vya ukutani, halafu wote. Sauti nne kamili, hakuna aliyetoa noti, hakuna aliyehesabu.

Nina sikio zuri, ndilo linalonilisha. Nilitafuta ujanja uko wapi. Haukuwepo. Hakuna aliyepandisha wala kushusha. Wimbo ulikaa palepale ulipoanzishwa, na vinyweleo vya mikono yangu mwenyewe vikasimama. Naliandika kama lilivyotokea. Maelezo sina.

Nilikuwa nimeondoa kinanda ili aone chini hakuna kitu. Kumbe chini walikuwepo wao.

Katikati ya ubeti wa pili, sauti ya kwanza ikapotea. Nilisikia kabla ya kuona. Dada alikuwa amekwenda chini, magoti kwanza, halafu bega.

"Haleluya!" mtu akapiga kelele, na wimbo ukapanda.

Lazima niwaeleze utaratibu wa mahali pale. Mtu akianguka wakati wa ibada, hainuliwi. Husemwa amelazwa na Roho. Wanawake wa huduma humfunika miguu kwa kitambaa, watu humzunguka na kumwimbia mpaka aamke mwenyewe. Wengi wameanguka hapo, na wote waliamka wakitabasamu. Kwa nini huyu awe tofauti?

Wakaleta kitambaa cha bluu, wakamfunika vizuri. Wakafunga duara.

Niliruka kutoka jukwaani. Mhudumu mkuu, ambaye kazi yake nyingine ni kuuza nyama, akanizuia kwa mkono mmoja tu, na ulitosha.

"Usimguse, kaka. Yuko kwenye upasuaji wa Roho."

"Amezimia! Ana sukari!"

"Wote huwa wanaonekana hivyo hivyo."

Upande wa pili Sista Sindano alikuwa anasukumana na migongo. "Nipisheni! Mimi ni nesi!"

"Na Bwana ni daktari, sista. Tulia, mwachie kazi."

"Mwachie nini? Mnamsikia anavyohema?"

Hawakumsikia. Walikuwa wanaimba. Nikapiga yowe, nikamwita dada kwa jina lake la utotoni, nikajitupa kwenye mkono wa muuza nyama. Kadiri nilivyopiga kelele ndivyo walivyofurahi.

"Roho amempata na kaka yake!" akasema mama mmoja akilia. "Jamani, hata mpiga kinanda!"

Akaja mbio na kitambaa cha kunifunika.

Katika ukumbi ule kulikuwa na mtu mmoja tu zaidi ambaye macho yake yalikuwa wazi. Mchungaji. Alikuwa anamtazama dada pale sakafuni, na uso wake ulikuwa kama majivu. Alijua. Kipaza sauti kilikuwa mkononi mwake.

"Waambie!" nilimpigia kelele. "Neno moja tu!"

Akakiinua mdomoni. Midomo ikacheza. Nilimwona anatafuta neno, yeye ambaye hajawahi kukosa neno, na halikuja. Akakitazama kinanda. Akanitazama mimi.

Ndipo nikakumbuka. Kila ibada mimi huifunga kwa namna ileile: wimbo mfupi, kwa sauti kubwa, na watu hurudi vitini kabla hawajajua wanarudi. Niliwazoesha mwenyewe, kama kengele ya shule. Katika ukumbi ule hicho ndicho kitu pekee kilichokuwa na nguvu kuliko kuimba kwao.

Lakini ili nikipige, ilibidi nimwache dada sakafuni na kumpa kisogo.

"Njia ikifunguka," nilimwambia Sista Sindano kupitia mabega ya watu, "mbebeni. Msinisubiri."

Nikarudi jukwaani. Nikafungua sauti mpaka mwisho, nikaupiga wimbo wa kufungia juu ya wimbo wao, bila adabu, kama mtu anayevunja mlango. Mwanzoni tuligongana, ilikuwa makelele ya kutisha. Wakayumba. Besi wakapotea kwanza. Kisha mikono iliyoinuliwa ikaanza kushuka, na mmoja mmoja wakarudi nyuma, macho bado yamefumbwa, wakipapasa viti kwa viganja. Duara likafunguka. Muuza nyama naye akakaa, machozi yanamtoka, mguu wake unafuatisha mdundo wangu.

Shemeji akaja mbio kutoka kwenye gari, na ovaroli lake. Akashika mabega, Sista Sindano akashika miguu. Wakanipita, kitambaa cha bluu bado kimemfunika.

Kinanda chetu kiko pembeni mwa jukwaa, kimetazama madhabahu na viti vya mbele. Mlango uko nyuma yangu. Sikuweza kugeuka: wimbo ule, ukikosea hata kidogo, watu husimama tena. Nilitaka kujua jambo moja tu duniani, na lilikuwa mgongoni kwangu, linazidi kwenda mbali.

Mchungaji alikuwa amesimama mbele yangu, ameuelekea mlango.

"Anahema?" nilimwuliza, mikono inapiga. "Mchungaji. Anahema?"

Alitazama juu ya kichwa changu, mbali, kwa muda mrefu. Kisha mkono wake ukapanda taratibu mpaka shingoni, ukagusa tai.

Sijui kama alikuwa ananipa ishara, au anatafuta pumzi. Nyuma yangu mlango ukafungwa. Na vidole vyangu, ambavyo havijawahi kungoja ruhusa yangu, vikapanda nusu sauti.